Mvua kubwa ya kwanza Dodoma: tuangalie nini kabla haijafika?

AngaNkuhungu

Wakuu, habari za muda huu. Msimu umekaribia na simu imeshaanza kuweka alama ya radi kila alasiri, halafu jioni inapita na vumbi lake. Nataka safari hii tuifuatilie mvua kubwa ya kwanza tangu inapojikusanya hadi inapogonga bati, tusibahatishe kwa vialama vya simu.

Kituo changu cha hali ya hewa ni kile cha kawaida cha nyumbani: joto, unyevu, upepo, mgandamizo wa hewa, na kipimamvua cha vikombe vinavyopinduka. Kimefungwa juu ya paa, karibu na tangi la maji. Shida ni kwamba miongozo mingi mtandaoni imeandikwa na wapenzi wa hali ya hewa wa Uingereza na Ulaya wanaosubiri theluji nzito. Wao wanasema: tazama barometa inavyoshuka, tazama joto la hewa kwenye usawa wa 850 hPa (hektopaskali, kizio cha mgandamizo wa hewa) lifike hasi 5, tazama mstari wa 528 kwenye ramani. Hapa barometa inashuka kila siku mchana na hakuna kinachotokea. Tena kituo kinasoma 887 wakati simu inasema 1012.

Naomba kueleweshwa: barometa ina kazi gani Dodoma? Dalili ipi ya kuaminika siku mbili tatu kabla? Na kipimamvua juu ya paa kinafaa, au nakidanganya mwenyewe?

---

Barometa_Kongwa

Ndugu, tuanze na hiyo 887, maana ndiyo iliyo sahihi. Dodoma mjini tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo mgandamizo halisi unacheza kati ya 885 na 890 hivi. Hiyo 1012 ya simu imerekebishwa kana kwamba tuko ufukweni. Kwenye mipangilio ya kituo chako utaona namba mbili, ya hapo ulipo na ya usawa wa bahari. Fuata ya hapo ulipo. Ile nyingine ni hesabu, na vituo vya bei nafuu huongeza namba moja isiyobadilika, iwe usiku wa baridi au mchana wa jua kali.

Kuhusu kushuka kila mchana: huko ni kupumua kwa anga la tropiki. Mgandamizo unapanda hadi karibu saa 4 asubuhi, unashuka hadi saa 10 jioni, unapanda tena hadi saa 4 usiku, kisha unashuka kuelekea alfajiri. Tofauti ni hPa 3 au 4, wakati mwingine zaidi kidogo, na inatokea kiangazi na masika vilevile. Wenzetu wa Ulaya wanaona dhoruba ikishusha barometa hPa 20 kwa siku moja, kwa hiyo kwao kupumua huko hakuonekani. Hapa ndiko kunakotawala. Ukitaka kulinganisha, chukua saa 3 asubuhi ya leo na saa 3 asubuhi ya jana. Usilinganishe asubuhi na jioni.

Kazi moja barometa inayo hapa, nayo ni kinyume na miongozo hiyo: wingu la radi likifika, mgandamizo unaruka JUU, hPa 1 au 2 ndani ya dakika chache, kwa sababu hewa baridi na nzito inamwagika kutoka kwenye wingu. Joto linaanguka nyuzi 8 au 10 kwa mkupuo. Ukiona grafu imeruka hivyo, ingiza nguo ndani.

Na ule mstari wa 528 uachane nao kabisa. Ni unene wa hewa kati ya 1000 hPa na 500 hPa. Kwetu usawa wa 1000 hPa uko chini ya ardhi, hivyo sehemu ya hesabu ni ya kubuni. Ule wa 850 hPa ambao kwao uko mita 1,500 juu ya kichwa, kwetu uko kama mita 400 tu juu ya bati, ndani ya tabaka la vumbi na joto la mchana. Anayesubiri theluji anauliza: hewa imepoa vya kutosha? Unyevu kwake mara nyingi upo. Sisi tunauliza kinyume: joto lipo, je unyevu umefika?

Kwa hiyo namba ya kuishika ni joto la umande, yaani joto ambalo hewa ikipozwa hadi hapo inaanza kutoa umande. Tofauti na asilimia ya unyevu, haiyumbi kwa sababu tu jua limechomoza. Chukua mfano wa mchana wa nyuzi 31 na joto la umande 11. Tofauti ni 20. Zidisha kwa 125 upate mita 2,500: hapo ndipo kitako cha wingu kitakapokuwa juu ya ardhi. Matone yakidondoka kutoka kimo hicho kwenye hewa kavu yanakauka njiani. Ndiyo ile mvua mnayoiona imening'inia upande wa Bahi kama pazia na haifiki chini. Sasa chukua nyuzi 29 na joto la umande 17: tofauti 12, kitako mita 1,500. Hiyo inafika. Kwa hapa Dodoma, joto la umande likifika 16 na likabaki hapo siku mbili tatu mfululizo, hata saa 9 alasiri wakati hewa imechanganyika, mimi naanza kuangalia mashariki. Likipanda alfajiri na kuanguka hadi nyuzi 10 mchana, juu bado kukavu.

Kihisio cha unyevu cha hivi vituo kinadanganya kikijaa vumbi. Kosa la asilimia 5 tu kwenye mchana wa nyuzi 31 linakupotezea nyuzi 2 za joto la umande, na nyuzi 2 ndiyo tofauti ya mvua na pazia. Kihakiki kwa vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kiache kikavu, kingine kifunge kitambaa chembamba cha pamba kwenye balbu na ukilowanishe. Viweke kivulini, vipepee kwa dakika 3, kisha soma. Kikavu 29 na chenye maji 20.5, joto la umande ni karibu 17. Kikavu 31 na chenye maji 18, ni 11. Usitumie maji ya bomba, maana maji yetu ya visima yana chumvi na kitambaa kinageuka gamba ndani ya siku chache, kinaacha kupoa. Tumia maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri (hakikisha si asidi). Na jedwali ukilikuta mtandaoni angalia limetengenezwa kwa mgandamizo gani: la usawa wa bahari linapunguza kama nusu nyuzi au zaidi kwa mwinuko wetu.

---

Setilaiti_na_Radi

Mzee wa Kongwa shikamoo, umemaliza upande wa ardhini. Niongeze wa juu.

Jua linapita utosini Dodoma karibu tarehe 9 Oktoba, lakini ukanda wa mvua unalifuata nyuma kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana Oktoba inachoma bila kunyesha. Kinachozuia ni upepo wa mashariki na kusini-mashariki, ule unaovuma kiangazi kizima. Unatoka baharini na unyevu wake, lakini unapandishwa na milima ya Ukaguru na Rubeho, unamwaga huko, na unatufikia umeshakamuliwa. Dalili ya siku kadhaa kabla ni upepo huo kulegea na kugeukia kaskazini-mashariki au kaskazini. Ukigeuka magharibi kabisa, hewa inatoka upande wa Kongo, na hapo jiandae kweli, maana hewa hiyo ina unyevu mzito hadi juu.

Baadaye msimu ukiingia, vimbunga vya Bahari ya Hindi navyo vinahusika. Kikikaa mashariki ya Madagaska mara nyingi kinatuvutia upepo wa magharibi na mvua. Kikiingia kwenye mkondo wa Msumbiji mara nyingi kinavuta unyevu kwenda kusini na sisi tunakaushwa.

Kwa nini simu inaweka radi kila siku? Modeli za dunia nzima, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ijayo, zinagawa ramani kwa vigae. Ya kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, kigae chake ni kama kilomita 9, na wingu la radi linaloharibu barabara ya Nkuhungu linaweza kuwa na upana wa kilomita 5. Modeli hailioni wingu lenyewe. Inakadiria tu kwamba mahali fulani ndani ya eneo hili hewa inaweza kupanda, na programu ya simu inageuza kadirio hilo kuwa alama ya radi juu ya nyumba yako. Milimita 4 kwenye modeli zinaweza kuwa 30 Nzuguni na sifuri Kizota, kata mbili za mji huuhuu.

Fungua Windy au programu nyingine yenye kuchagua usawa, ukaangalie unyevu wa 700 hPa, kama mita 3,100 juu ya bahari. Ukiwa chini ya asilimia 40, mawingu yatachomoza saa 8 mchana, yatakatwa vichwa na hewa kavu, na jua litazama anga jeupe. Ukivuka 70 na ule wa chini ukawa mzuri kama alivyosema mzee, mambo yapo. Upepo wa usawa huohuo ndio unaokuonyesha mawingu yatasukumwa kuelekea wapi. Mikokotoo mikuu ya modeli ni ya saa 9 usiku na saa 9 alasiri kwa saa zetu, na matokeo yanafika saa 6 au 7 baadaye, kwa hiyo kufungua simu kila dakika 20 hakukupi kipya. Linganisha mikokotoo mitatu iliyofuatana. Siku ya mvua ikibaki palepale, ina uzito. Ikisogea mbele kila mara, bado ni ahadi.

Halafu usiipite taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ina utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa yetu ya mvua moja, ina wa siku 10, na ina ule wa athari wa siku 5 wenye rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wanapoandika mvua kubwa wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Kwa mji unaopata kama milimita 570 kwa mwaka mzima, hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi na moja inayoshuka kwa siku moja.

---

Shamba_Bahi

Naomba msichanganye mvua kubwa ya kwanza na kuanza kwa msimu. Kigezo kinachotumika sana ni angalau milimita 20 ndani ya siku zisizozidi 3, na katika siku 30 zinazofuata pasiwe na ukavu wa zaidi ya siku 10 mfululizo. Sehemu ya pili hakuna kipimamvua kitakachokuambia siku hiyohiyo, ndiyo maana watu wanapoteza mbegu.

Wa uwele na mtama wanaopanda kavu, sentimita 3 hadi 5, mvua ya milimita 8 ndiyo hatari kuliko kutonyesha: inaamsha mbegu na haiwezi kuilea. Kama hujapanda, chimba kwa jembe asubuhi baada ya mvua. Udongo ukiwa umelowa hadi sentimita 20 au 30, panda. Ukikuta juu pamelowa na vidole vinne chini pana vumbi, subiri. Kwenye ardhi nyekundu kuna jambo jingine: tone kubwa linapopiga, juu panafunga gamba, maji yanakimbilia korongoni, na kipimo chako cha milimita 40 kinakuwa kimeingiza ardhini nusu au chini ya hapo.

---

ChupaNaFaneli

Nijibu la kipimamvua, maana paani hapafai. Ukingo wa paa unarusha upepo juu, matone yanapita pembeni ya mdomo wa kipimo, na tangi linakinga upande mmoja. Kishushe chini uwanjani. Kitu chochote kirefu kilicho karibu, mti, ukuta au nyumba, kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake. Mara nne ni bora zaidi. Mwarobaini wa mita 5, basi mita 10 kwa uchache.

Pili, vikombe vinavyopinduka vinapunguza kipimo mvua ikiwa kali. Kikombe kinapogeuka, maji yanaendelea kuingia na sehemu yake haihesabiwi. Mvua ya kasi ya zaidi ya milimita 100 kwa saa, na hizi za kwanza zinafika hapo kwa dakika chache, inaweza kukupotezea asilimia 10 au zaidi. Tena mwaka mzima wa vumbi, buibui na dondola umekikalia. Kifungue sasa kabla ya mvua, futa vikombe kwa kitambaa chenye maji tu bila kuacha mafuta, zibua tundu la faneli, kisha kijaribu. Pima kipenyo cha mdomo kwa ndani. Kikiwa sentimita 11, eneo ni sentimita za mraba 95. Maji ml 100 yanakuwa milimita 10.5. Yadondoshe taratibu kwa muda wa saa nzima kutoka kwenye chupa iliyotobolewa kwa pini. Kama kila mpinduko ni milimita 0.3, unatakiwa kuhesabu mipinduko 35. Ukipata 31, kinapunguza, rekebisha skrubu za chini ya vikombe kidogo kidogo au weka kizidisho kwenye mipangilio.

Lakini hata kikiwa kizuri, weka cha mkono pembeni yake, hicho ndicho cha kuamini jumla ya siku. Tafuta faneli ya plastiki yenye mdomo wa sentimita 16 kwa ndani. Pima pande mbili, maana nyingi si duara kamili. Ikiwa imepinda iache dukani. Eneo lake ni sentimita za mraba 201, kwa hiyo milimita 1 ya mvua ni ml 20.1. Maana yake bomba la sindano la ml 20 kutoka duka la dawa ni milimita moja kamili kwa matumizi yetu. Au tumia mizani ya jikoni: gramu 1 ni ml 1. Maji yakiwa gramu 643, gawa kwa 20.1, ni milimita 32. Toa uzito wa chupa kwanza, watu wanasahau.

Chupa ya lita 1.5 inabeba milimita 74 tu. Usiku wa milimita 90 itafurika, kwa hiyo iingize ndani ya kipande cha bomba la PVC la inchi 4 lililozibwa chini kwa kofia na gundi. Kinachofurika kinabaki ndani ya bomba, unakimimina na kukijumlisha. Bomba lifukie sentimita 30, mdomo wa faneli uwe mita 1 kutoka ardhini na usawa kabisa, hakiki kwa pimamaji la fundi. Ukiuweka chini zaidi kwenye udongo mtupu, matone yanagonga ardhi na kurusha tope ndani. Tandaza kokoto kuzunguka. Bomba liwe jeupe, na shingo ya faneli iingie ndani ya chupa bila nafasi kubwa, vinginevyo jua la asubuhi linakula milimita moja kabla hujaamka. Kawavu kadogo kwenye shingo kanazuia sungusungu na majani.

Soma saa 3 kamili asubuhi kila siku, hata pasiponyesha, na uandike 0.0. Siku isiyoandikwa haimaanishi sifuri.

---

AngaNkuhungu

Asanteni sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichouliza. La mwisho: siku yenyewe ikifika, mawingu yako mashariki, upande wa Kongwa, nitajuaje kama yatafika na saa ngapi? Na mvua ya mawe je?

---

Setilaiti_na_Radi

Chukua picha za setilaiti ya Meteosat za infraredi (zinazoonyesha joto la vilele vya mawingu), zinatoka kila dakika 10 hadi 15. Saa zilizoandikwa ni za dunia, ongeza 3. Weupe mkali ni kilele baridi, lakini wingu jembamba la juu nalo ni baridi, hivyo usiamini rangi peke yake. Wingu la radi lililo hai lina ukingo mkali upande mmoja na limechanika kama moshi upande mwingine, na linakua kutoka picha hadi picha. Likibaki na weupe bila kukua, limeshakufa, huo ni mwavuli wake unaosafiri.

Pima mwendo wa ukingo mkali kwa picha mbili zilizoachana nusu saa. Umesogea kilomita 20, kasi ni 40 kwa saa. Likiwa kilomita 60 kutoka kwako una saa moja na nusu. Lakini mawingu haya mara chache yanatembea yakiwa yaleyale. Hewa baridi inayotangulia ndiyo inayoibua mengine mbele yake. Ukiwa na mtu Chamwino na mwingine Ihumwa wa kukutumia ujumbe upepo wa vumbi ukiwapiga, hao wawili ni bora kuliko programu yoyote. Vumbi likipita Ihumwa na Nzuguni na joto likaanguka, mara nyingi matone hayako mbali. Likipita vumbi bila joto kuanguka, huo ni upepo tu.

Mawe yanawezekana. Usawa wa kuganda katika tropiki uko kwenye mita 4,500 hadi 5,000, na sisi tumeshapanda 1,120, kwa hiyo jiwe lina njia fupi ya kuyeyukia kuliko Dar es Salaam. Mwenye zabibu na mwenye sola ajue hilo.

Radi: hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo, gawa kwa 3, hizo ni kilomita. Zikiwa sekunde 30 au chini, ingia ndani, na usitoke kusoma kipimo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Usipande Mlima wa Simba kupiga picha, na usisogelee kituo cha chuma kilichosimama uwanjani. Makorongo ya mjini yanaweza kujaa wakati kwako hakujadondoka hata tone, kwa sababu imenyesha kwenye vilima vya juu yake. Hapo usivuke, hata kama maji yanafika kifundo cha mguu.

---

ChupaNaFaneli

Na mvua ya mawe ikiingia kwenye faneli usiyatupe. Yayeyushe kwa maji ya vuguvugu uliyoyapima kwanza kwa sindano, mimina yote pamoja, pima, kisha toa yale uliyoongeza. Ndivyo wale wenzetu wa theluji wanavyofanya, na hapo njia yao inatufaa moja kwa moja. Kipimamvua cha vikombe siku hiyo usikiamini, mawe yanaziba tundu na kitakusomea mvua ya saa 11 jioni kana kwamba imenyesha saa 1 usiku.